Ubao wa Mabingwa: Tathmini ya Ukumbi wa Mpira wa Langoni, Lamu

Katika mtaa wa Langoni, nyuma kidogo ya njia ya madukani ambako punda na mikokoteni hupishana kwa taabu, upo ukumbi wa kutazamia mpira usio na kibao cha jina mlangoni. Nauandikia tathmini hii kwa kuwa ndio ukumbi wa kwanza niliouona hapa Lamu unaoipa Ligi ya Mabingwa Afrika hadhi inayostahili. Kwingine, mechi ya Al Ahly ya Misri na Espérance ya Tunisia huwekwa pale tu ambapo hakuna mechi ya Uingereza, tena sauti ikiwa imezimwa na watazamaji wakiendelea na mazungumzo yao. Hapa mechi hiyo ndiyo shughuli ya usiku mzima, na kabla haijaanza, mwenye ukumbi, ambaye ni mwalimu mstaafu, husimama mbele ya skrini kwa muda wa kama nusu saa akieleza klabu zinazokutana zimetoka wapi na zimepitia nini katika mashindano haya yaliyoanza mwaka 1964. Wateja wote, vijana kwa wazee, humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo.

Kilicho bora kuliko vyote ukumbini ni ubao. Umetundikwa ukuta wa kushoto, nao ni mbao ndefu zilizopakwa rangi nyeusi na kuandikwa kwa rangi nyeupe na fundi yule yule anayechora nakshi na majina kwenye majahazi, kwa hiyo kila herufi ina mkia na kila tarakimu imesimama wima. Una safu tatu: mwaka, bingwa, na aliyeshindwa fainali. Mstari wa mwisho ni wa 2025, Pyramids ya Misri dhidi ya Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, na rangi yake bado inang'aa kuliko ya mistari iliyoutangulia. Mbele ya 1965 hakuna jina lolote, jambo ambalo wageni wengi hudhani ni kasoro ilhali ni usahihi. Mashindano ya kwanza yanahesabiwa kuwa ya 1964, lakini fainali yake ilichezwa Accra tarehe 7 Februari 1965, kisha mashindano yaliyofuata yakafanyika 1966. Nimeona orodha nyingi zilizochapwa kwa mashine ambazo hazikuwa na uangalifu huo.

Darsa ya Mwalimu huanzia hapo Accra, na ni sawa ianzie hapo. Shirikisho la soka la Afrika (CAF) lilikuwa limezaliwa Khartoum mwaka 1957, na timu za taifa zilikuwa tayari na kombe lao, lakini klabu hazikuwa na lolote la bara zima. Kwame Nkrumah alitoa kombe, na timu nne zikakusanyika Ghana kwa hatua ya mwisho: Oryx Douala ya Kamerun, Stade Malien ya Mali, Real Republicans ya wenyeji, na timu ya kiwanda cha pamba kutoka Ethiopia. Oryx, chini ya nahodha Samuel Mbappé Léppé, iliifunga Stade Malien mabao 2–1. Mwalimu anapenda kuikazia ile timu ya Ethiopia, na nakubaliana naye, kwa sababu inaonyesha kwamba upande wetu wa bara ulikuwepo tangu siku ya kwanza, ingawa hadithi nyingi zinazosimuliwa leo zinatuweka mlangoni kama wageni waalikwa.

Mwaka anaousimulia vizuri kupita yote ni 1967. TP Englebert ya Lubumbashi ilikutana na Asante Kotoko ya Kumasi katika fainali. Mechi ya kwanza ilimalizika 1–1, ya marudiano 2–2, na bingwa hakupatikana. Siku hizo haikuwa kawaida kuamua kwa matuta ya penalti kama tulivyozoea sasa, hivyo ikaagizwa mechi ya tatu ipigwe Kamerun. Englebert walifika na Kotoko hawakutokea, na kombe likaenda Lubumbashi. Mwaka uliofuata Englebert walilitwaa tena kwa kuifunga Étoile Filante ya Togo. Hapa Mwalimu hunyamaza kidogo, kisha huuliza ukumbi: “Haya, nani ataniambia Englebert ni nani leo?” Nilipokuwapo, kijana mmoja aliyekaa mkekani alijibu kwa sauti kwamba ni TP Mazembe, na akapewa kikombe cha kahawa bure. Ndiyo maana mabingwa hao wanahesabiwa mataji matano, yaani 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, ingawa ubaoni yamesomeka kwa majina mawili tofauti bila maelezo. Nilimshauri Mwalimu aunganishe mistari hiyo kwa alama ndogo. Kotoko nao walisubiri hadi 1970, wakakutana na Englebert katika fainali nyingine, wakatoka sare 1–1 nyumbani, wakaenda Kinshasa na kushinda 2–1. Mtu aliyesimuliwa hayo hawezi kuitazama klabu ya Kongo ikicheza na ya Ghana akadhani ni mechi ya kawaida.

Kasoro kubwa ya ubao inahusu mwaka 1972, nami nitakaa hapo kwa muda kwa kuwa inatugusa moja kwa moja. Mstari huo unasomeka “Hafia – Simba”, bila nchi. Hafia ni ya Conakry, hilo halina utata. Lakini katika mji ambao nusu ya vijana wanashabikia Simba ya Dar es Salaam na nusu nyingine Yanga, jina hilo peke yake linapotosha. Nilimsikia shabiki mmoja akijigamba kwa wenzake kwamba Wekundu wa Msimbazi walicheza fainali ya Afrika kabla baba yake hajazaliwa. Ukweli ni kwamba Simba ya 1972 ilikuwa ya Uganda, timu ya jeshi, na ilifungwa na Hafia 4–2 kule Guinea kisha 3–2 Kampala. Nilipomuuliza Mwalimu kwa nini hakuandika nchi, alinijibu kwa upole: “Nafasi haikutosha, bwana, na fundi alikuwa ameshapaka.” Sikuridhika na jibu hilo. Klabu ya Afrika Mashariki kufika fainali ya mashindano haya imetokea mara chache mno, na mara hizo zinastahili nafasi hata kama itabidi ubao urefushwe. Uganda ilifanya hivyo tena mwaka 1991, SC Villa ilipofungwa 6–2 na Club Africain kule Tunis na kutoka sare 1–1 Kampala. Hao wawili ni Waganda, na shabiki wa Kenya au Tanzania anapaswa kulijua hilo na kuwapa heshima yao.

Simba ya Dar es Salaam ina hadithi yake iliyo safi kabisa, isiyohitaji kuazima ya jirani. Mwaka 1974 ilifika nusu fainali, ikabadilishana ushindi wa 1–0 na Mehalla ya Misri, ikatolewa kwa penalti. Mwaka 2003 ilikwenda Cairo kukutana na Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi, ikiwa na ushindi wa 1–0 iliyoupata nyumbani. Ikafungwa 1–0, na katika matuta golikipa Juma Kaseja akaiokoa na kuifikisha hatua ya makundi. Yanga walikuwa wamewatangulia katika hatua hiyo mwaka 1998. Hayo yote Mwalimu anayajua kwa moyo, lakini kwa kuwa ubao unaandika fainali tu, hayapo ukutani, na siku ambazo darsa inafupishwa hayatajwi kabisa. Ningependa pawe na ubao wa pili, mdogo, wa safari za klabu zetu.

Kuhusu Kenya, ukumbi una uaminifu ninaousifu. Kando ya ubao ipo picha ya Gor Mahia wa 1987, na chini yake pameandikwa wazi kuwa taji lao lilikuwa la Kombe la Washindi, yaani mashindano ya klabu zilizotwaa vikombe vya nchi zao, si la Klabu Bingwa, yaani mashindano haya ya ubaoni. Gor walitoka sare 2–2 na Espérance kule Tunis, wakatoka sare 1–1 Nairobi, wakalichukua kwa faida ya mabao ya ugenini, na hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa taji la bara. Kombe hilo halipo tena, kwa kuwa mwaka 2004 liliunganishwa na Kombe la CAF likazaliwa Kombe la Shirikisho. Mtu mwingine angeliingiza taji hilo katika ubao mkubwa ili kufurahisha wateja, lakini Mwalimu hakufanya hivyo.

Rudini sasa kwenye miaka ya sabini, ambayo kwangu ndiyo sehemu tamu ya darsa. Hafia ilichukua kombe 1972, 1975 na 1977, ikawa klabu ya kwanza kufikisha mataji matatu na kulimiliki moja kwa moja kombe la Nkrumah. Serikali ya Sékou Touré wa Guinea haikuwaachia wachezaji kwenda kutafuta malipo Ulaya, kwa hiyo kikosi kile kilikaa pamoja miaka mingi, kikiwa na watu kama Chérif Souleymane, aliyechaguliwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1972. Hata hivyo ni mwaka walioupoteza unaonikaa akilini zaidi. Katika fainali ya 1976 waliifunga MC Alger 3–0 Conakry, na kila mtu akadhani kazi imekwisha. Kule Algiers Waalgeria walirudisha mabao yote matatu, wakashinda kwa penalti 4–1. Ubao unaonyesha tu “MC Alger – Hafia”, na hapo ndipo ninapoona kwamba safu ya nne, ya matokeo, ingeuongezea ukumbi huu thamani kuliko skrini mpya.

Ukiutazama ubao kutoka mbali, utaona kitu ambacho ukiusoma mstari kwa mstari hukioni. Hadi 1980, majina ya mabingwa wa kaskazini ni mawili tu: Ismaily ya 1969 na MC Alger ya 1976. Yaliyobaki ni ya Kamerun, Guinea, Ghana, Kodivaa na nchi mbili za Kongo. Kisha kuanzia 1981 hadi 1994 ni Algeria, Misri, Moroko na Tunisia mfululizo, isipokuwa mwaka 1983 pekee ambapo Kotoko waliilaza Al Ahly 1–0 Kumasi baada ya sare tasa Cairo. Orlando Pirates walivunja mfululizo huo 1995 kwa bao la Jerry Sikhosana huko Abidjan, miaka michache tu baada ya Afrika Kusini kurudishwa katika soka la kimataifa. Mwalimu anaeleza mabadiliko hayo kwa sababu ya fedha na uendeshaji: klabu za kaskazini zilikuwa na wanachama wengi, viwanja, na uwezo wa kulipa mishahara ya kumzuia mchezaji nyumbani, wakati ambapo klabu za magharibi zilianza kuuza vijana wao mapema. Maelezo hayo nayaona sahihi, ila ningeongeza hatua ya makundi iliyoletwa 1997 pamoja na jina jipya la Ligi ya Mabingwa. Mechi zilipoongezeka, klabu yenye kikosi kipana ikapata faida juu ya klabu yenye wachezaji kumi na mmoja wazuri na nauli ya kukopa.

Hata hivyo makundi hayakufunga mlango mara moja. ASEC ya Kodivaa walishinda 1998, Hearts of Oak ya Ghana 2000, na mwaka 2003 Enyimba wakawa Wanigeria wa kwanza kulichukua, baada ya Rangers, Shooting Stars na Iwuanyanwu kushindwa fainali katika miaka tofauti. Kisha wakalitetea 2004. Mazembe wa 2010 walifika mbali zaidi: waliibandika Espérance 5–0, wakaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu, wakaitoa Internacional ya Brazili 2–0, wakawa klabu ya kwanza nje ya Ulaya na Amerika Kusini kucheza fainali yake, ambako Inter Milan ya Italia iliwafunga 3–0. Na 2015 walipolitwaa tena dhidi ya USM Alger, Mtanzania Mbwana Samatta alifunga katika mechi zote mbili za fainali, Thomas Ulimwengu akiwa katika kikosi hicho hicho, na Januari 2016 Samatta akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Usiku ambao Mwalimu anafika hapo, hakuna anayetazama simu.

Tangu 2017 hadi 2025 kombe halijavuka Sahara kuja kusini. Al Ahly peke yao walifikisha mataji kumi na mawili mwaka 2024, na miongoni mwa hayo lipo lile la 2006 lililopatikana kwa bao la Mohamed Aboutrika katika dakika za majeruhi huko Radès, Tunisia, na lile la 2020 waliposhinda 2–1 dhidi ya Zamalek, jirani zao wa Cairo, uwanja ukiwa mtupu kwa ajili ya ugonjwa, katika fainali ya kwanza kuchezwa kwa mechi moja tu tangu ile ya Accra. Mwalimu anaziheshimu klabu za kaskazini, lakini haifichi fainali ya 2019 kati ya Espérance na Wydad ya Moroko, ambapo Wydad walikataa kuendelea kucheza Radès baada ya bao lao kukataliwa huku mitambo ya video ya kumsaidia mwamuzi ikiwa haifanyi kazi. Shauri likapelekwa hadi mahakama ya michezo kabla taji kuthibitishwa kuwa la Espérance. Nampongeza kwa kulisimulia hilo bila kuchochea watu.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe. Kiingilio ni shilingi hamsini kwa mechi za makundi na mia moja kuanzia nusu fainali, bei ambayo naiona ya haki kwa kuwa inajumuisha darsa. Skrini ni kubwa na picha ni safi. Viti vya mbele ni vya plastiki, nyuma kuna mikeka, na pembeni limetengwa baraza lenye mlango wake kwa akina mama wanaopenda kutazama, jambo lisilo la kawaida kwa kumbi za mpira za hapa. Mechi za Cairo na Casablanca mara nyingi huanza saa nne usiku, kwa hiyo swala ya isha haigongani na chochote. Zile za jioni husimamishwa sauti adhana ya magharibi inapoanza, na watu hutoka na kurudi kwa utaratibu. Stima ikikatika jenereta huwashwa kabla hamjamaliza kulalamika, lakini moshi wake huingia kupitia dirisha la nyuma, na wenye kifua wanashauriwa wakae karibu na mlango.

Chakula ni kidogo lakini kizuri. Viazi vya karai huletwa vikiwa moto na ukwaju wa kutosha, mishkaki huchomwa nje uchochoroni, na kahawa tungu huzunguka katika dele tangu darsa inapoanza mpaka mapumziko. Sambusa sizipendekezi, kwa kuwa hukaangwa mchana na huwa zimelegea ifikapo usiku.

Lipo jambo moja linaloniudhi kwa kweli. Jumamosi ambazo mechi ya Afrika inagongana na mechi kubwa ya Uingereza, ukumbi hugawanywa kwa pazia, skrini kubwa hupewa Waingereza, na mashindano haya yaliyoelezwa kwa heshima hiyo yote husukumwa kwenye televisheni ndogo ya pembeni. Najua biashara ina mahitaji yake, na wanaojaza viti siku hizo ndio wanaolipia mafuta ya jenereta. Lakini ukumbi uliojijengea jina kwa Klabu Bingwa Afrika hauna haki ya kuwaambia wateja wake wa kudumu wasogee pembeni, angalau kuanzia robo fainali. Mwalimu ameniambia kuwa msimu ujao robo fainali zitakuwa na skrini kubwa bila kujali kinachochezwa Ulaya. Nitakwenda kuona kama itakuwa hivyo.

Kwa anayetaka kwenda, fika nusu saa kabla ya darsa, si kabla ya mechi, kwa sababu viti vinavyoukabili ubao hujaa mwanzo. Wanaotoka Shela wapatane na nahodha wa boti mapema kuhusu safari ya kurudi na bei yake. Mechi ikienda hadi penalti mtatoka karibu saa saba usiku, na wakati huo boti gatini huwa chache na nauli hupanda.